Mswada na Daftari

Katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kusoma jarida la sheria hata moja. Nilisoma magazeti, nyaraka za Wizara, vitabu vya kiada vilivyokuja vikiwa vichache kuliko watoto, na siku za Jumapili nilisoma Maandiko. Jarida la sheria nililishika kwa mara ya kwanza nikiwa nimekwisha kustaafu, tena sikulitafuta. Lililetwa nyumbani kwangu hapa Bujora na mtu niliyemfundisha kushika kalamu.

Jina lake silitaji, kwa sababu hajaniomba nimtaje. Nitamwita binti yangu, maana ndivyo ninavyomwita hata mbele ya baba yake mzazi. Alikuwa mtoto mwembamba wa dawati la mbele, mwenye tabia ya kuuliza "kwa nini" pale ambapo wenzake walikwisha kuandika jibu. Leo ni mhadhiri wa sheria katika chuo kikuu kimojawapo cha nchi hii. Mwaka 2021 alikuja, akapiga goti, "Shikamoo Mwalimu," akakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, akaniambia kwamba anaandika makala juu ya urithi wa wajane na mabinti Usukumani, na kwamba angependa kuwasikiliza wazee. Nikamkusanyia wazee wanne. Wa tano nikawa mimi.

Msomaji asiyetoka huku aelewe kwamba Bujora ni mahali panapozoea wageni wenye madaftari. Tuko mwendo wa kilometa ishirini hivi kutoka Mwanza mjini, unashukia Kisesa kwenye barabara ya Musoma. Hapa ndipo Padri David Clement, Mkanada, alipoanzisha makumbusho ya Wasukuma, na ngoma za watemi zikahifadhiwa katika jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Tangu nikiwa kijana nimewaona wazungu, na siku hizi Watanzania wenzetu, wakija kuuliza mambo ya kale, wakiandika, wakiondoka. Kinachotokea baada ya wao kuondoka sikuwa nimekifikiri. Nilidhani mtu akiandika maneno ya wazee, basi yamekwisha kuwa kitabu.

Kumbe sivyo.

Binti yangu alirudi baada ya miezi mingi, uso umempauka kwa safari na kwa jambo jingine. Nikamwuliza kuhusu makala. Akasema, "Imekataliwa, Mwalimu. Jarida la kwanza limeirudisha baada ya siku nane." Nikauliza ni nani aliyeisoma kwa siku nane akaona haifai. Akacheka kwa uchungu: "Huenda hakuna aliyeisoma yote." Ndipo akanieleza, na mimi nitaeleza kama nilivyoelewa, kwa maana yako mambo mengi yanayotuhusu yanayoamuliwa katika vyumba vya namna hiyo nasi hatujui.

Mwandishi wa makala ya kitaaluma hapeleki kazi yake kama mtu apelekavyo barua kwa mhariri wa gazeti. Kwanza anachagua jarida. Yapo yanayosomwa dunia nzima, kama lile la Journal of African Law lililoanzishwa London mwaka 1957, miaka minne kabla ya Uhuru wetu. Lipo la kwetu, Eastern Africa Law Review, lililoanza mwaka 1968 katika Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam. Kitivo hicho chenyewe kilikuwa na umri wa miaka saba tu wakati huo. Kilifunguliwa mwaka 1961 kwa wanafunzi wasiofika ishirini, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Napenda kukumbuka jambo hilo. Watu walioanza kusoma sheria katika jengo la chama, muda si mrefu wakaona hawawezi kungoja sheria zao zijadiliwe London peke yake.

Mswada ukifika, mhariri anautazama kwanza mwenyewe. Anatazama kichwa chake, anatazama ikisiri, yaani ule ufupisho wa mwanzoni, anapitisha macho kwenye tanbihi aone mwandishi amesoma nini. Anajiuliza: jambo hili linawahusu wasomaji wangu? Lina jipya? Limeandikwa kwa utaratibu wetu? Miswada inayoletwa ni mingi kuliko kurasa zilizopo, kwa hiyo mingi huishia hapo mezani. Mwandishi hupata barua fupi yenye adabu. Ya binti yangu ilisema kwamba makala ni nzuri lakini inahusu eneo dogo mno kwa wasomaji wa jarida lile. Wasukuma ndilo kabila kubwa kuliko yote Tanzania. Nilimwomba anisomee tena sentensi hiyo, nikidhani Kiingereza changu kimechakaa.

Ikivuka meza ya mhariri, makala hupelekwa kwa wataalamu, aghalabu wawili, wasio wafanyakazi wa jarida na wasiolipwa. Jina la mwandishi hufutwa. Na majina yao wao mwandishi haambiwi. Kila mmoja anasoma peke yake, anaandika taarifa, anapendekeza moja kati ya mambo manne: ichapishwe kama ilivyo, jambo ambalo ni nadra kama mvua ya Julai, ichapishwe baada ya marekebisho madogo, irudishwe kwa marekebisho makubwa, au ikataliwe. Mhariri anazisoma taarifa zote mbili, kisha anaamua yeye. Wale wawili ni washauri tu. Mambo haya huchukua miezi, pengine mwaka, na kwa desturi ya Uingereza na ya kwetu mwandishi haruhusiwi kuupeleka mswada ule ule kwingine wakati anangoja. Anangoja kama mtu aliyeposa.

Hilo la kufuta majina nililielewa upesi kuliko mengine. Nimesahihisha mitihani. Mtahiniwa huandika namba, haandiki jina, ili msahihishaji asimpendelee mtoto wa shemeji yake. Lakini mwalimu yeyote mkweli atakuambia kwamba namba haifichi kila kitu. Kwenye mitihani ya kata niliwatambua watoto wangu kwa mwandiko, kwa namna walivyoanza insha, hata kwa makosa yao, maana makosa yale niliwafundisha mimi. Binti yangu akakubali. Alisema watu wanaoandika juu ya sheria za kimila za Usukumani unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono miwili, hivyo anayesoma hukisia aliyeandika, na aliyeandika hukisia aliyemsoma. Yeye mwenyewe alidhani anamjua mmoja wa wasomaji wake. Sikutaka aniambie ni nani.

Nikamwuliza kama ni hivyo dunia nzima. Akasema kuna Marekani, ambako mambo ni kinyume kabisa. Kule majarida mengi ya sheria huendeshwa na wanafunzi. Si maprofesa, ni wanafunzi wa chuo, ambao huchaguliwa kwa alama zao na kwa mashindano ya kuandika, nao ndio huamua makala ya profesa ichapishwe au isichapishwe. Jarida la Chuo cha Harvard limekuwa hivyo tangu mwaka 1887. Mwandishi wa kule huruhusiwa kupeleka mswada mmoja kwa majarida mengi kwa wakati mmoja, na akikubaliwa na dogo, hulikimbilia kubwa na kuliambia, "Nimeposwa, amueni haraka." Mwaka 1936 profesa mmoja wa Marekani, Fred Rodell, aliandika kwamba anayaaga majarida hayo kwa sababu yana kasoro mbili tu, namna yanavyoandikwa na yale yaliyoandikwa ndani yake. Na maneno hayo yakachapishwa na jarida la sheria la wanafunzi. Nilicheka hadi mama watoto akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Katika mazungumzo hayo binti yangu akanikumbusha kwamba Februari 1990 wanafunzi wa Harvard walimchagua kijana mmoja kuwa rais wa jarida lao, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo, na kwamba baba wa kijana huyo alizaliwa upande wa pili wa ziwa letu hili, katika nchi ya Wajaluo. Jina lake Barack Obama. Tulilisikia jina hilo baadaye sana. Lakini mwezi ule ule wa Februari 1990, hapa hapa Mwanza, lilitokea jambo kubwa zaidi kwetu, nalo hatukulisikia.

Nitalieleza, kwa maana ndilo lililokuwa kiini cha makala yake.

Mama mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Jamaa wa ukoo wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Kwa mujibu wa kanuni zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, Tangazo Namba 436, alikuwa sahihi: mwanamke aliweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza. Jaji Mwalusanya akasema kwamba Katiba, ambayo iliingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, na kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale ya mwanamume. Hukumu hiyo ikazungumzwa katika majarida na vitabu vya nchi nyingi, na mwaka 2005 Helen Kijo-Bisimba na Chris Maina Peter walitoa kitabu cha hukumu na maandishi ya jaji huyo.

Lakini kanuni hazikufutwa. Wajane wawili wa Shinyanga, Wasukuma wenzetu, walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2005 kuomba zifutwe, maana kwa kanuni hizo mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama ikakubali kwamba kanuni zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta, ikasema mila haziwezi kubadilishwa kwa amri ya mahakama. Rufani yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Wakaenda hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema Tanzania imevunja haki zao.

Makala ya binti yangu iliuliza swali moja: je, kanuni hizi ni mila kweli? Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuziandika ni Hans Cory, mzaliwa wa Austria, mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, ambaye kitabu chake juu ya sheria na desturi za Wasukuma kilitoka mwaka 1953. Alikusanya wazee na watemi, akawauliza, wakajibu, akaandika. Alifanya vivyo hivyo kwa Wahaya. Na kazi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa kanuni za 1963. Binti yangu alitaka kuonyesha kwamba katika maisha halisi wazee walikuwa na njia nyingi za kumwachia mjane mji wake, na kwamba jambo lililokuwa la kujadiliana likageuzwa kuwa namba ya kanuni.

Baada ya kukataliwa na jarida la kwanza, akapeleka kwa la pili. Miezi mitano. Kisha zikaja taarifa mbili, naye akanijia nazo zimechapwa kwenye karatasi, akanipa nizisome. Alitaka, nadhani, mwalimu wake amwonee huruma.

Msomaji wa kwanza alisifu, kisha akalalamika kwamba maneno ya wazee watano wa Bujora si chanzo cha kutosha, na kwamba mwandishi angejenga hoja yake zaidi juu ya kitabu cha Cory. Hapo nilikasirika. Yaani maneno ya wazee ni chanzo yakiwa yamepita katika kalamu ya Mwaustria, lakini yakitoka kinywani kwao si chanzo! Baba yake mmoja wa wale wazee wanne alikuwa miongoni mwa waliohojiwa na Cory. Nikamwambia binti yangu alitupilie mbali jarida hilo. Alikuwa na barua pepe nyingine, ya jarida lililomsifu kupita kiasi na kuahidi kuichapisha makala kwa wiki moja akilipa dola mia na hamsini. Nikamwuliza kwa nini asilipe yakaisha. Akanieleza kwamba yako majarida mengi ya aina hiyo, ambayo hayasomi chochote isipokuwa risiti, na kwamba anayechapisha huko hupoteza pesa na jina lake pamoja. Mkataba wake ulikuwa unakaribia tathmini. Bila makala katika jarida lenye heshima asingepanda, na pengine asingebaki. Hata hivyo hakutaka njia hiyo.

Taarifa ya msomaji wa pili ilikuwa fupi zaidi. Nitaifupisha kwa maneno yangu, kwa kuwa nimeisoma mara nyingi mno. Alisema kwamba sehemu yenye nguvu kuliko zote ni ile inayosimulia kikao cha ukoo kilichomwondoa mjane katika nyumba yake mwaka 1989. Lakini, akasema, simulizi hilo limetoka kwa mzee mmoja anayetajwa kuwa ni mwalimu mstaafu "aliyehudhuria". Alihudhuria kama nani? Alikuwa na uhusiano gani na marehemu? Alisema nini siku hiyo? Je, hakuna maandishi yoyote ya kikao? Bila majibu hayo, aliandika, msomaji hajui kama anasikia shahidi au mhusika.

Mwalimu mstaafu huyo ni mimi.

Kaka yangu alifariki mwaka 1989, akaacha mke na mabinti watatu. Mwana wa kiume hakuwa naye. Kikao kilikaa siku ya kuondoa tanga, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu mkuu, mwenye mwandiko mzuri, nikafanywa katibu. Iliamuliwa kwamba nyumba, shamba na ng'ombe waende kwa mtoto wa baba mdogo. Shemeji akaambiwa anaweza kubaki akikubali kurithiwa. Alikataa. Akaondoka na watoto wake akaenda kupanga chumba Igoma, akawalea kwa kuuza dagaa. Nilipohojiwa na binti yangu chini ya mwembe nilisema kweli tupu, ila nilisema "nilikuwepo". Naye, kwa heshima, hakuuliza zaidi. Hakuna mwanafunzi wa Kisukuma anayeweza kumbana mwalimu wake kwa swali la namna hiyo.

Mtu asiyenijua, aliyefutiwa jina la mwandishi na ambaye jina langu hakuwahi kulisikia, akiwa pengine Nairobi au Ulaya, alisoma neno moja akaona pale lilipokunjwa. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya kumwambia binti yangu juu ya upuuzi wa utaratibu wao. Nikainyamazia.

Nilimwambia anipe wiki moja. Daftari lilikuwepo. Lilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na cheti changu cha Butimba na barua za uhamisho. Daftari la mistari, jalada la bluu, kurasa tisa, mwandiko wangu wa ujana, majina ya waliohudhuria kwa namba. Mama watoto aliponiona nimelishika usiku wa pili aliniuliza nataka kulifanyia nini. Tukajadiliana. Hofu yake ilikuwa kwamba mwenye nyumba yule bado yuko hai, tunasali naye, na kwamba ukoo utasema Mwalimu amewauza kwa wazungu. Hofu yangu mimi ilikuwa nyingine, na ilikuwa ndogo zaidi na ya aibu zaidi: kwamba watu watajua aliyeandika ni nani.

Asubuhi nikapanda daladala Kisesa nikaenda Igoma kwa shemeji. Niliona kwamba jambo hili lilikuwa lake kabla halijawa langu au la jarida. Ni mzee sasa, macho yake yamepungua nguvu, anaishi na binti yake mkubwa ambaye ni muuguzi. Tulisalimiana, "Mwangaluka," tukaulizana hali za watoto, akaniletea uji. Nikamweleza nilivyoweza. Hakuelewa jarida ni nini hadi nilipomwambia ni kitabu kinachosomwa na mahakimu na walimu wao. Akanyamaza kidogo, akasema, "Shemeji, siku ile mliandika ninyi. Basi na hao waandike." Halafu akauliza, "Humo ndani mmeandika habari za mabati?"

Nikafungua daftari. Hapakuwa na habari za mabati.

Lakini nilikumbuka. Katika kikao kile alisimama akasema kwamba mabati ishirini na manne ya nyumba ile alinunua yeye, kwa pesa za pamba ya shamba lake, miaka ile ambayo bati lilikuwa halipatikani bila kibali. Wazee wakamwambia akae. Na mimi, kwa kuwa wazee walikwisha kumwambia akae, niliona si jambo la kuandika. Nilikuwa nimejifunza kwamba kumbukumbu za kikao ni maazimio, si kelele. Hivyo ndivyo nilivyofundisha hata viranja wangu.

Nilimpelekea binti yangu nakala ya kurasa zote tisa, pamoja na barua ya kurasa mbili niliyoiandika kwa mkono, kwamba katibu ni mimi, ndugu wa marehemu, kwamba sikupinga uamuzi, na kwamba mjane alisema habari za mabati nami nikaziacha. Alinipigia simu usiku. Alianza "Mwalimu," akakaa kimya, kisha akasema, "Ahsante, baba." Akaniuliza mara tatu kama nakubali, na akanieleza kwamba jina langu halitatajwa, wala la shemeji, wala la kijiji chenyewe; ndivyo maadili ya utafiti yanavyotaka.

Kuhusu msomaji wa kwanza, hakumtupa kama nilivyomshauri. Katika kurudisha mswada, mwandishi huandika barua ya majibu, hoja kwa hoja, akisema hili nimelirekebisha, hili sikubali na sababu ni hii. Alimjibu kwa adabu kwamba amekitumia kitabu cha Cory zaidi, na ndani yake ameonyesha kwamba Cory mwenyewe alitegemea vinywa vya wazee, na kwamba ikiwa chanzo hicho kilifaa mwaka 1953 basi kinafaa na sasa. Mimi ningemtukana. Ndiyo maana yeye ni mhadhiri.

Miezi mitatu mingine. Msomaji wa kwanza akaridhika. Wa pili alitaka jambo moja tu, kwamba yale yaliyosemwa kikaoni lakini hayakuandikwa yaondolewe kwenye tanbihi na yawekwe katika makala yenyewe. Mhariri akakubali. Makala ikatoka mwaka uliofuata, kurasa ishirini na saba, kwa Kiingereza, na binti yangu akaniletea nakala. Mkataba wake uliendelea.

Sijafanya hesabu ya iwapo utaratibu huu wa kuchagua ni mzuri au mbaya. Ulikataa eneo letu kwa kuliita dogo bila kulitazama, na ulimtaka msichana wa Kisesa athibitishwe na mtu wa Vienna. Ni huo huo ulioniuliza swali ambalo watu wanaoniheshimu hawakuniuliza kwa miaka thelathini na zaidi. Mtoto wa baba mdogo hajui Kiingereza, ila watoto wake wanajua, na siku moja mmoja wao atakisoma. Nimekwisha kumwambia padri, na nimekwisha kumwambia mdogo wangu anayenifuata. Kwa mwenye nyumba bado sijafika.

Igoma nilikwenda. Nilikaa na shemeji ukumbini, binti yake muuguzi akiwa amesimama mlangoni na sare yake, nikamsomea ule ukurasa nikiutafsiri kwa Kisukuma polepole, kwa maana maneno mengine hayana ndugu upande huu. Nilipofika kwenye mabati akainua mkono nisimame.

"Wameandika mangapi?"

Nikamwambia ishirini na manne.

"Soma tena hapo," akasema.

Nikasoma tena.